Jibu la wakili: Nikisema hadharani kwamba Mungu hayupo, nimevunja sheria?

Swali limetoka kwa kijana wa hapa Dodoma. Nimelifupisha na kuondoa yale yanayoweza kumtambulisha.

"Shikamoo mama wakili. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka 27, nafundisha sekondari binafsi inayomilikiwa na taasisi ya dini. Baba ni mzee wa kanisa, upande wa mama ni Waislamu wa Kondoa. Tangu nikiwa chuo niliacha kuamini. Mwezi uliopita niliweka kwenye stetasi ya WhatsApp picha ya watu waliopanga foleni kununua maji ya upako kwenye mkutano wa injili, nikaandika: 'Wajinga ndio waliwao.' Kesho yake nikaandika: 'Mungu hayupo, amkeni.' Hiyo ya pili niliituma mpaka kwenye grupu la wazazi wa kidato cha pili. Sasa mkuu wa shule amenipa barua ya kujieleza ndani ya siku saba, jirani anasema atanifungulia kesi ya kukashifu dini, na baba hataki kuniona. Nilikuwa na mpango wa kufungua chaneli ya YouTube nikosoe dini waziwazi kama wafanyavyo Wazungu. Je, ni kosa kisheria? Niendelee au ninyamaze?"

Marahaba mwanangu. Nikupe kwanza jibu litakalokuwezesha kulala: huku Bara kutoamini si kosa, na kusema kwamba huamini si kosa. Jirani yako akienda kituoni akaeleza tu kwamba fulani kasema Mungu hayupo, askari anayeijua kazi yake atamrudisha nyumbani. Ila umesimulia mambo matatu kana kwamba ni moja, na kila moja lina hesabu yake. Nami nikwambie mapema, usije ukadhani nakuficha: mimi ni muumini, Jumapili asubuhi hunikosi kanisani. Hilo halibadilishi sheria hata kidogo, lakini litakusaidia kupima maneno yangu nitakapotoka kwenye sheria na kuingia kwenye ushauri.

Katiba ya 1977, ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani. Wengi huisoma hiyo ya 19 kama ruhusa ya kuhama kanisa hili kwenda lile, au kutoka kanisani kwenda msikitini, basi. Lakini anayepewa uchaguzi anaweza pia asichague kitu. Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilieleza mwaka 1993 kwamba ulinzi wa imani unawahusu pia wanaokana kuwapo kwa Mungu na wasio na dini yoyote.

Wala hayo hayakai kwenye makaratasi ya Umoja wa Mataifa huko Geneva tu. Siku ukiitwa kutoa ushahidi mahakamani, Sheria ya Viapo inasema wazi kwamba mtu anayekataa kuapa kwa sababu hana imani ya dini aruhusiwe kuthibitisha badala ya kuapa, na ushahidi wake unapokewa sawasawa na wa wengine. Ukitaka kuoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 ina ndoa ya kiserikali: mnatoa taarifa ya siku 21, hakuna mchungaji wala shehe. Sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967.

Usidhani basi unaishi Ufaransa, ambako dini huwekwa kando kabisa na shughuli za serikali. Bunge letu hapa mjini hufungua kikao kwa dua, Wimbo wa Taifa unaanza kwa kumwita Mungu, na viongozi huapa huku wameshika vitabu. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkatoliki mwenye kushika misa, alisimamia msimamo kwamba serikali haina dini ila wananchi wake wanazo. Hapo ndipo tulipo mpaka leo. Serikali haitakuuliza unasali wapi. Mwenye nyumba, mkwe na mwajiri watakuuliza.

Sasa tuje kwenye tishio la jirani. Makosa dhidi ya dini yamo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 125 hadi cha 129. (Hizo ni namba tulizozizoea. Ukishika toleo la sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, zihakiki kwanza.) Cha 125 kinahusu kuharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu kitakatifu kwa nia ya kuitukana dini. Cha 126 ni kuvuruga ibada, na viwili vinavyofuata ni vya makaburi na mazishi. Anachokisema jirani yako ni cha 129: mtu ambaye, kwa kukusudia kabisa kujeruhi hisia za kidini za mtu mwingine, anatamka neno au kutoa sauti huyo mwingine akisikia, au anaonyesha ishara au kuweka kitu huyo mwingine akiona. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja. Maneno hayo karibu yote yametoka kwenye kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo Waingereza waliitembeza kwenye makoloni yao. Kwa mtawala wa kikoloni shida haikuwa nani anasema kweli kuhusu Mungu. Shida ilikuwa fujo sokoni.

Kisome kifungu hicho polepole. Hakisemi ni kosa kuikana dini, na wala hakisemi kwamba mtu akiumia basi kosa limetendeka. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kusudi la kujeruhi.

Mahakama zetu zimekipima, tena karibu na hapa, Morogoro. Muislamu aitwaye Hamisi Rajabu Dibagula alishtakiwa kwa kifungu hichohicho kwa sababu alisema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mwaka 2001 Mahakama ya Wilaya ikamtia hatiani na kumfunga. Waislamu wakaandamana Dar es Salaam, watu wakakamatwa, nchi ikawa na joto. Mahakama Kuu ikampunguzia adhabu ili atoke, lakini hatia ikabaki palepale. Hilo halikumtosha, na sidhani lingenitosha mimi kama ningekuwa wakili wake: kutoka gerezani ukiwa bado na doa la mkosaji kwa kusema unachokiamini. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Barnabas Samatta, ikaifuta hatia yenyewe.

Kila kijana anayetaka kusema juu ya dini hadharani, mwenye dini na asiye nayo, anapaswa kuijua kesi hiyo. Kwa Mkristo, kuambiwa Yesu si Mwana wa Mungu ni kuguswa moyo wa imani yenyewe. Kama maneno hayo hayakuwa jinai yaliposemwa na mtu anayeeleza imani yake, basi uzito wa kauli peke yake hauwezi kuwa jinai. Atakayekushtaki itambidi aonyeshe kwamba ulichokuwa unakitafuta ni kumuumiza mtu.

Hapa lazima nikuonyeshe tofauti iliyopo, maana wakili anayekupa nusu ya habari anakupeleka gerezani. Dibagula alikuwa anaeneza dini yake, na ibara ya 19 inaitaja kazi ya kueneza dini kuwa huru. Wewe huenezi dini. Kwa hiyo utasimama kwenye sehemu ya kwanza ya ibara hiyo, uhuru wa mawazo na uchaguzi, na kwenye ibara ya 18. Mimi naamini kanuni ya kusudi ni ileile: anayesema "Mungu hayupo" kwa kuwa ndivyo anavyofikiri hana tofauti na anayesema "Yesu si Mwana wa Mungu" kwa kuwa ndivyo anavyoamini. Hivyo ndivyo ningekutetea, na ningekutetea bila aibu. Ila ujue kwamba huo ni mwendo wa hoja, na mahakamani hoja huchukua miaka. Dibagula alifika mpaka Mahakama ya Rufani ndipo akasafishika.

Na ibara ya 30 ipo, inayosema haki ya mtu isitumike kuingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Serikali ikitaka kukubana, itaanzia hapo.

Basi nizirudie kauli zako. "Mungu hayupo, amkeni", kwenye stetasi yako mwenyewe, haina tatizo. Wahubiri wa stendi husema makali zaidi ya hayo juu ya dini za wenzao, tena kwa spika, saa ambazo watoto wamelala.

Ile ya maji ya upako nimeifikiria zaidi. Kukosoa biashara ya miujiza ni haki yako, na kusema kweli sisi waumini ndio tulipaswa kukutangulia. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500, wagonjwa wengine wakiwa wametolewa hospitalini, na wapo waliofia kwenye foleni ya magari. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 jirani zetu Kenya walifukua msitu wa Shakahola wakapata maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Mtu akisema hayo si ya kunyamaziwa, hajakashifu dini ya mtu. Ameongelea jambo lililotendeka, lenye tarehe na maiti.

Lakini wewe hukufanya hivyo. Uliipiga picha foleni. Aliyeyauza hayo maji hayumo kwenye picha, wamo walionunua, nyuso zao zinaonekana, na juu yao umeandika kwamba ni wajinga. Kama ulitaka kumfichua mfanyabiashara, mbona umemchapa mteja wake? Pengine mama mmoja pale ana mtoto mgonjwa ambaye hospitali imeshindwa naye. Kisheria, faragha inalindwa na ibara ya 16 ya Katiba, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha ya mtu akiwa kwenye ibada si kitu cha kusambaza hovyo. Na kauli ya kuwaita watu fulani wanaoonekana wajinga kwa sababu ya ibada yao ndiyo inayomrahisishia mwendesha mashtaka kuliko ile ya "Mungu hayupo". Kusudi la kujeruhi hutafutwa kwenye maneno ya namna hiyo. Wangeweza pia kukuletea kifungu cha 89, cha lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani, ambacho polisi wetu wanakizoea zaidi. Picha hiyo iondoe leo, na usiiweke tena hata kwa kuficha nyuso.

Ya tatu, grupu la wazazi, nitaifikia kwenye ajira, maana huko ndiko inakouma.

Mpango wako wa YouTube unahitaji tahadhari zaidi ya stetasi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza maudhui yanayochochea chuki, ubaguzi au ukatili dhidi ya kundi la watu, na dini imetajwa humo. Hapo chora mstari kati ya mafundisho na wafuasi. "Fundisho hili halina ushahidi" ni hoja. "Watu wa dini hii wote ni majambazi" ni kesi. Sheria hiyohiyo inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru simu au kompyuta ichukuliwe bila kupitia kwanza mahakamani, na mimi nimeona simu za wateja zikikaa kituoni mpaka betri zimevimba. Halafu kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, za 2018 na kisha za 2020, zinazotaka watoa maudhui wa aina mbalimbali wawe na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Usianze kurusha vipindi kabla ya kuwauliza kama chaneli yako inaangukia humo. Mtu mwenye maoni yasiyopendwa hukamatwa kwa makosa madogo ya makaratasi. Na ukitaja mchungaji kwa jina ukasema ni tapeli, uwe na stakabadhi mkononi, la sivyo atakudai fidia ya kashfa na atashinda.

Umesema unataka kufanya kama Wazungu. Ni kweli, miaka ya 2000 watu kama Richard Dawkins na Christopher Hitchens walijaza kumbi kwa kuzishambulia dini bila kumung'unya maneno. Lakini walisema hayo kwenye nchi zilizokwishapita njia ndefu. Uingereza na Wales zenyewe zilifuta kosa la kukufuru mwaka 2008 tu, juzi. Na hata huko, mwandishi Salman Rushdie, aliyetolewa fatwa ya kifo na Iran mwaka 1989, alichomwa kisu jukwaani New York mwaka 2022, miaka 33 baadaye, akapoteza jicho. Tena hao mashujaa wako nao hawajasimama pamoja: Ayaan Hirsi Ali, aliyekuwa mmoja wao, alitangaza mwaka 2023 kwamba amekuwa Mkristo, na Dawkins mwaka 2024 akajiita Mkristo wa kitamaduni huku akisisitiza kwamba haamini. Sikuambii hayo kukuvuta kanisani. Nakuonyesha kwamba hata mabingwa wa mchezo huu hawana jibu moja.

Mfano utakaokufaa zaidi ni wa Mwafrika. Mubarak Bala, mhandisi wa kemikali kutoka Kano, Nigeria, aliacha Uislamu akasema wazi kwamba haamini. Mwaka 2014 ndugu zake walimfungia kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Baadaye akawa rais wa chama cha wahumanisti wa Nigeria, watu wanaoshika utu bila dini. Aprili 2020 akakamatwa Kaduna kwa maandiko ya Facebook yaliyomgusa Mtume, akapelekwa Kano, akakaa muda mrefu bila kesi kuanza. Aprili 2022 alikiri mashtaka yote 18 na Mahakama Kuu ya Kano ikampa miaka 24. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ikaishusha kuwa mitano, naye akatoka Januari 2025. Kano si Dodoma: sheria zao ni nyingine, na ghadhabu ya mtaani huko imeshaua watu. Ninachotaka uone ni mpangilio wa mambo. Kabla ya polisi, kabla ya jaji, walioanza walikuwa watu wa nyumbani kwake.

Kenya wao walisajili chama cha wasioamini Februari 2016. Miezi miwili baadaye usajili ukasimamishwa kwa malalamiko ya viongozi wa dini, kisha usimamishaji huo nao ukaondolewa. Wapo mpaka leo.

Katikati ya haya kuna hoja moja nakupa bure, maana naona hujaifikiria. Utaambiwa kwamba kukosoa dini hadharani ni ugeni, si mila yetu. Waulize hao wanaokuambia hivyo kanisa lilifikaje huku Ugogo. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walipofika Mpwapwa miaka ya 1870 walikuta watu wenye Mulungu wao, na watemi walioshika matambiko ya mvua. Walisimama wakasema matambiko hayo ni bure, wakasema hadharani, mbele ya wenyewe, na wajukuu wa waliosemwa ndio leo wazee wa kanisa, baba yako akiwemo. Dini zetu mbili kubwa zimeingia nchi hii kwa mlango wa kukosoa dini iliyokuwapo. Na mpaka leo, nyumbani kwenu kwenyewe, baba yako anaamini Yesu alisulubiwa na wajomba zako wa Kondoa wanaamini hakusulubiwa. Mmoja wao lazima amekosea, na sikukuu mnakula pamoja.

Wanawezaje? Hilo ndilo ningetaka ulikalie. Wajomba hawaitumi hoja yao kwenye grupu la kwaya ya baba yako. Na msiba ukitokea, upande mmoja unapokaa kwenye mkeka na mwingine kwenye viti, wote wamefika. Watu wa huku humvumilia sana mtu wa imani nyingine kwa kuwa wanajua atawazika na wao watamzika. Wewe ulipoandika "amkeni", kitu cha kwanza ambacho mama yako alijiuliza, na nina hakika ya hili kuliko kifungu chochote nilichokutajia, si kama Mungu yupo. Ni: huyu akifa nani atamzika? Jumuiya haitakuja, mchungaji atakataa, shehe hana habari naye. Usilicheke swali hilo. Ni swali la uraia wa mtaani, na wasioamini wengi hapa kwetu hawana jibu lake kwa sababu wanajibu kuhusu sayansi.

Jibu la kisheria lipo. Makaburi ya jiji hayaulizi dini. Unaweza kuandika wosia na kusema humo unataka kuzikwa vipi, ingawa maelekezo ya mazishi hayawafungi ndugu kama mgao wa mali unavyowafunga, hivyo ni lazima wawepo wanaokubaliana nawe. Jibu la kijamii utalitengeneza mwenyewe: hudhuria misiba, toa rambirambi, beba jeneza, kaa nje wakati wa sala kama dhamiri inakukataza kuingia. Nina mteja mzee wa Kongwa, hajasali tangu ujana wake na hafichi. Hajawahi kukosa msiba. Mtaa mzima unajua na hakuna aliyewahi kumfungulia jalada.

Kwa baba, usimtumie video ya mtu yeyote. Mtafute mjomba wa kukupeleka, hata huyo wa Kondoa, ukapige goti uombe radhi kwa ile picha na kwa kumwaibisha mbele ya kanisa lake. Imani huombi radhi, maana hukumkosea kwa kutoamini. Akikuuliza kama umerudi, mwambie ukweli.

Niingie sasa kwenye ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini, na nasema kutokuwa na dini kumo humo. Lakini inaruhusu tofauti inayotokana na mahitaji ya msingi ya kazi yenyewe. Shule ya taasisi ya dini inaweza kudai mwalimu wa maarifa ya dini awe muumini. Kudai hivyohivyo kwa mwalimu wa hesabu ni vigumu zaidi, isipokuwa kama mkataba wako una kipengele cha kuheshimu misingi ya taasisi. Toa mkataba wako kwenye faili, uusome wote, hata yale maandishi madogo. Mimi nadhani kipengele hicho kimo, karibu shule zote za namna hiyo wanacho, na kukiheshimu si sawa na kuamini.

Kinachokuponza ni grupu la wazazi. Wazazi wale wamekuamini kwa hesabu za watoto wao, na grupu lile ni la kazi. Ungetuma humo mahubiri ya Pentekoste, au tangazo la mhadhara wa Kiislamu, ningekwambia hilihili. Hilo ni kosa la nidhamu na ni jepesi kulithibitisha. Uzuri wake ni kwamba kosa la mara ya kwanza la aina hiyo kwa kawaida hustahili onyo, halistahili kufukuzwa.

Barua yako basi. Ijibu kabla ya siku saba kwisha, ukurasa mmoja, bila kunukuu mwanafalsafa yeyote. Kiri kwamba ulituma ujumbe wa imani binafsi kwenye grupu la kazi, omba radhi kwa hilo, ahidi halitarudiwa. Usiandike kwamba unaamini wala kwamba huamini. Hawana haki ya kukuuliza, na ukijibu utawapa kitu cha kushika. Kuhusu picha ya foleni, sema umeiondoa. Wakikuita kwenye kikao cha nidhamu, kanuni za ajira za 2007 zinataka upewe taarifa ya angalau saa 48 na uruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wakikuachisha, una siku 30 tu kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1, na siku hizo zinakwenda kasi kuliko unavyodhani.

Jirani akienda kituoni na ukapigiwa simu, nenda mwenyewe asubuhi, usingoje kufuatwa usiku. Una haki ya kutosema kitu mpaka wakili au ndugu awepo, na wakikushikilia wanapaswa kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24. Kosa hilo lina dhamana, kwa hiyo tafuta mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa kabla hujamhitaji.

Chaneli ya YouTube iache mpaka suala la kazi liishe. Ukiamua kuendelea baada ya hapo ni haki yako, na nitakusomea mkataba wa leseni bila malipo. Kwa sasa chapisha ile barua ya kujieleza nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ofisini kwa mkuu wa shule, na hiyo ibaki kwako.